HARUFU ITOKAYO KATIKA HITA YA GARI

Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Njombe, Makete na Mbeya huwa na baridi kali, na dereva asafiriye katika nyanda hizo hufunga vioo vyote na kuwasha hita. Mara nyingine, pamoja na joto, huingia harufu isiyo ya kawaida. Wako wanaoivumilia, na wako wanaotundika manukato ili kuifunika. Njia zote mbili ni za hatari. Harufu ni taarifa, na yeyote afahamuye jinsi hita ifanyavyo kazi aweza kukisia chanzo chake kabla ya kulegeza hata skrubu moja.

Jinsi hita ifanyavyo kazi

Sehemu kubwa ya nishati iliyomo katika petroli haigeuki kuwa mwendo, bali hupotea kama joto. Maji yaliyochanganywa na kemikali, yaitwayo kulanti, huzunguka ndani ya injini, hulichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta. Injini ikishapata moto, kulanti hufikia nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Sehemu yake hupitishwa katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni husukuma hewa katikati ya mapezi yake. Kwa kawaida hewa hiyo huvutwa kutoka nje, kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Basi harufu yaweza kuanzia mahali patatu: katika rejeta ndogo, katika njia ya hewa, au kwenye injini yenyewe.

Harufu na sababu zake

Harufu tamu kama ya sharubati huashiria kwamba rejeta ndogo inavuja. Utamu huo ni wa ethilini glaikoli, kemikali iliyomo katika kulanti. Zulia la mbele upande wa abiria huwa na unyevu, kioo cha mbele hupata utando wa kunata, na kulanti hupungua siku hata siku. Dawa yake ni kuziba au kubadili rejeta hiyo. Glaikoli ni sumu, na kwa kuwa ni tamu huweza kuwavutia watoto na wanyama. Kwa hiyo iliyomwagika haifai kuachwa sakafuni. Aidha, mfuniko wa rejeta kubwa usifunguliwe injini ikiwa moto, kwa sababu maji yaliyomo yana shinikizo na huweza kuruka na kuunguza.

Uvundo kama wa nguo zilizokaa na maji hutokea hasa katika magari yenye kiyoyozi. Mvuke uliomo hewani hugeuka matone juu ya mabomba baridi ya kiyoyozi, nayo matone hupaswa kutiririka chini ya gari kupitia mrija mdogo. Mrija ukizibwa na vumbi au majani, maji hutuama, na kuvu na bakteria huota. Yafaa kuuzibua mrija, kubadili chujio la hewa, na kuzima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika, feni ikiachwa iendelee ili kukausha unyevu.

Harufu ya oili iliyoungua mara nyingi hutokana na gasketi iliyochakaa, inayodondosha oili juu ya bomba la moshi lenye moto. Huzidi gari linaposimama, kwa kuwa hakuna upepo wa kuipeleka mbali. Harufu ya plastiki iungualo ni onyo juu ya nyaya au mota ya feni, na ya petroli ni dalili ya mvujo. Kwa zote mbili, gari lisimamishwe na injini izimwe mara moja.

Namna ya kuchunguza

Kanuni ya maabara hutumika hapa pia: hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja. Gari likiwa mahali pa wazi, kwanza huwashwa feni peke yake bila injini. Uvundo ukisikika, kosa limo katika njia ya hewa. Kisha injini huwashwa, hita ikiwa imefungwa. Mwishoni hita hufunguliwa. Harufu tamu ikitokea katika hatua hii ya mwisho, rejeta ndogo ndiyo ya kushukiwa. Lakini pua huzoea upesi, kama vile mchuuzi asivyoisikia tena harufu ya samaki wake. Kwa hiyo mnusaji awe mtu mwingine, aliyetoka kwenye hewa safi.

Gesi isiyo na harufu

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haina harufu kabisa. Moshi wa injini huwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunusika. Hemoglobini ya damu huishika gesi hii kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile inayoishikia oksijeni, na hivyo mwili hukosa oksijeni ilhali mapafu yanapumua. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi. Na dereva aliyelala hawezi kujiokoa.

Volkswagen ya kobe, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa, hupata joto lake kwa kupitisha hewa kandokando ya mabomba ya moshi. Bomba likitoboka kwa kutu, moshi huingia moja kwa moja kwa abiria. Katika magari mengine moshi huweza kupenya kutoka kwenye gasketi iliyopasuka au matundu ya sakafu.

Moshi, hata hivyo, huwa na gesi nyingine zinazonusika. Harufu yake ikisikika, vioo vifunguliwe, gari lisimamishwe, na wote washuke wapate hewa safi. Mwenye maumivu ya kichwa au kizunguzungu apelekwe hospitali. Gari lisiendeshwe tena mpaka fundi aione na kuiziba tundu. Aliyetundika manukato ndani ya gari huenda ameifunika dalili pekee ambayo ingemwamsha.