Usikate filimbi kwa sababu ya mlima
Weka msumeno chini. Watu wanaojitengenezea kinanda kidogo cha filimbi Same mjini, kisha kukipandisha Mbaga au Chome, huniuliza jambo lilelile: filimbi zimeshuka sauti, wakate kiasi gani? Msikate hata milimita moja.

Wanakwaya wameaminishana kwamba sauti hushushwa na hewa nyepesi ya mlimani. Si kweli. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, lakini mgandamizo wake nao hupungua kwa kiwango kilekile, na athari hizo mbili hufutana. Halijoto ikiwa sawa, filimbi itatoa sauti ileile Same stesheni na kileleni Shengena, mita 2,462 juu ya bahari. Kinachoshusha ni baridi. Katika nyuzi 32 sauti husafiri karibu mita 351 kwa sekunde; katika nyuzi 18, mita 342. Filimbi iliyotoa A ya hezi 440 kwenye joto la tambarare itatoa karibu 429 kwenye ubaridi huo, yaani pungufu ya karibu robo toni. Hapo Same penyewe sauti hushuka alfajiri ya Julai, na hakuna aliyepanda mlima! Wapiga tarumbeta wa kanisani wanalijua hili, ndiyo maana hupasha moto vyombo vyao kwa pumzi kabla ya ibada.

Wengine husingizia mbao kuvimba. Mbao huvimba kwa upana. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kusikika. Na ukishakata filimbi kwa sababu ya baridi, siku ya jua kali sauti itapanda kupita kiasi, na kipande ulichotupa hakiungiki.

Tena filimbi hushuka zote pamoja, kwa hiyo kinanda hubaki kimepatana. Anayefanya mazoezi ya nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana peke yake hana la kurekebisha. Ukipiga pamoja na kinanda cha umeme, shusha hicho cha umeme.

Kwa wanaoanza: ziba filimbi juu, ili C ya chini kabisa ihitaji kama mita 1.2 badala ya 2.4. Paini iliyokauka vizuri inafaa. Kizibo kivike ngozi laini ya mbuzi, kisogee unapotuni. Upepo utoke kwenye feni iliyofungiwa ndani ya sanduku, si kompresa ya gereji. Mgandamizo wa milimita 50 za maji unatosha, upime kwa mrija angavu wenye maji. Tuni chumba kikiwa na joto lile utakalopigia, na filimbi usiikumbatie mkononi: joto la kiganja tu linaipandisha.