“Gesi imeisha” au “gesi inavuja”? Vitenzi vya ufundi wa umeme na kiyoyozi cha gari

Mfasiri anayepewa mwongozo wa matengenezo ya gari kwa kawaida huanza kuhangaikia nomino: kompresa itaitwaje, rilei itaitwaje, fyuzi itaitwaje. Kwa kweli nomino hizo hazimchelewishi sana, kwa kuwa nyingi zimekwisha kupitia gereji na kupata umbo la Kiswahili. Kinachompotosha ni kitenzi. Katika lugha ya mafundi, kitenzi ndicho kinachoonyesha hitilafu ilipo na tiba inayoifaa. Kitenzi kikikosewa, nomino sahihi haziiokoi sentensi.

Makala haya yanaeleza makundi manne ya vitenzi hivyo, kisha yanagusa suala moja la ngeli. Yamezaliwa na safari yangu ya Chitete, mkoani Songwe.

Kisa chenyewe

Chitete ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Mtu atokaye Tunduma, mji wa mpakani ulioko kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, huhisi joto likiongezeka kadiri anavyoelekea upande wa bonde la Ziwa Rukwa. Huko ndiko kiyoyozi cha gari langu kuukuu la mwaka 1997 kilikoanza tena kupuliza hewa ya moto, majuma matatu tu baada ya kujazwa gesi. Fundi aliyekijaza mjini alikuwa ameniambia, “Gesi imeisha.” Nililipa, nikashukuru, nikaondoka.

Kijana niliyempata Chitete hakuwa na mashine ya kujazia gesi. Aliniamkia, akafungua boneti, akapitisha kidole kwenye kiungo cha bomba moja lililo karibu na kompresa. Kidole kilitoka na vumbi lililoshikamana na mafuta. Akapaka povu la sabuni, na mapovu madogo yakaanza kuchipuka. “Mwalimu,” akasema, “gesi haiishi. Gesi inavuja. Ukirudi Tunduma waambie mpira wa kiungo hiki ubadilishwe kwanza, ndipo gesi ijazwe.”

Sentensi yake ya mwisho ilikuwa na thamani kuliko malipo niliyokuwa nimekwisha kutoa. Tuanze nayo.

Kuisha, kupungua na kuvuja

Kitu *huisha* kinapotumika hadi kikamalizika: mafuta ya gari huisha, unga huisha, muda huisha. Kitenzi hiki hakidokezi kosa lolote, na tiba yake ni kuongeza. Kitu *huvuja* kinapotoka mahali kisipostahili kutoka, na tiba yake ni kuziba. *Kupungua* kunataja hali tu bila kutaja sababu.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa: hushindiliwa na kompresa, hutoa joto lake kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, hugeuka kimiminika, kisha hutanuka na kufyonza joto la ndani ya gari kabla ya kurudi ilikotoka. Magari mengi yaliyoundwa tangu katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-134a, baada ya ile ya awali, R-12, kuondolewa kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, kufuatana na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Pamoja na gesi huzunguka mafuta kidogo ya kulainisha kompresa, na ndiyo yaliyokamatana na vumbi kwenye kile kiungo.

Kwa hiyo kauli “gesi imeisha” inaweza kuwa kweli kwa maana kwamba haimo tena, lakini kitenzi chake kinamwelekeza mwenye gari kwenye kujaza, ilhali haja ni kuziba. Tazama tofauti:

- *Gesi imepungua.* (Tunaeleza tulichopima; sababu bado haijulikani.)
- *Gesi inavuja kwenye kiungo.* (Sababu imejulikana, na mahali pamejulikana.)
- *Gesi imeisha.* (Tumeeleza matokeo kwa namna inayoficha sababu.)

Zingatia pia neno *ndipo* katika maagizo ya yule kijana. “Mpira ubadilishwe na gesi ijazwe” ni orodha ya kazi mbili. “Mpira ubadilishwe kwanza, ndipo gesi ijazwe” ni sharti: ya pili haifanyiki kabla ya ya kwanza. Katika mwongozo wa ufundi, mfasiri asiweke *na* mahali panapodai *ndipo*.

Kukata, kukatika na kukatwa

Kila mtumiaji wa Kiswahili nchini Tanzania anajua tofauti ya “umeme umekatika” na “umeme umekatwa”. Sentensi ya kwanza ina kauli ya kutendeka: haimtaji mtenda wala haimfikirii. Ya pili ina kauli ya kutendwa: yuko aliyekata, na huenda kuna deni.

Katika gari kuna sura ya tatu. Mafundi husema “fyuzi imekata”, kwa kauli ya kutenda. Mwanafunzi anaweza kuona hilo kuwa kosa na kusahihisha kuwa “fyuzi imekatika”. Asifanye haraka. Fyuzi imewekwa makusudi iwe sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme, ili mkondo ukizidi kiasi, iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Imekatika, naam, lakini kwa kukatika kwake imekata mkondo na kulilinda gari. “Fyuzi imekatika” inaitazama fyuzi kama kitu kilichoharibika. “Fyuzi imekata” inaitazama kama mlinzi aliyetimiza wajibu.

Anayesikia ya kwanza huishia kutia fyuzi mpya. Anayesikia ya pili huuliza: imekata kwa nini? Fyuzi za bapa hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ya ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mwenye gari aliyechoka kununua nyekundu akatia kijani, au akaunganisha kipande cha waya, huwa amemwondoa mlinzi na kuuacha mlango wazi. Waya wenyewe ndio utakaoungua safari ijayo, pengine na gari pia.

Swali hilo la “kwa nini” mara nyingi hujibiwa kwa neno *shoti*, ambalo hutumika na kitenzi *kupiga*: “nyaya zimepiga shoti”. Shoti ni umeme kupita njia fupi isiyokusudiwa, kwa mfano pale ganda la waya lililochubuka linapogusa bodi. Isitumike kwa kila tatizo la umeme. Waya uliokatika kabisa haujapiga shoti. Kinyume chake, haupitishi kitu. Pale ambapo aina ya tatizo haijajulikana, neno salama ni *hitilafu*.

Kufa, kuishiwa na kutochajiwa

“Betri imekufa” ni kauli ya kawaida asubuhi gari linapokataa kuwaka. Yafaa tutenganishe hali tatu.

- *Betri imeishiwa chaji.* Betri ni nzima, ila chaji imetoka, kwa mfano taa zilipoachwa zikiwaka usiku.
- *Betri haitunzi chaji.* Inachajiwa, lakini haiwezi kuhifadhi. Hii ndiyo inayostahili kuitwa imekufa.
- *Betri haichajiwi.* Kosa liko nje ya betri: kwenye alteneta, mkanda wake au nyaya zake.

Kipimo ni rahisi. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, usomaji hupanda hadi karibu na 14, kwa kuwa alteneta inachaji. Usipopanda, betri *haichajiwi*, na mtu akinunua mpya nayo itaishiwa baada ya siku chache.

Hapa kiambishi cha kutendwa, *-w-*, ndicho kinachookoa fedha. “Betri haichaji” ni sentensi tata: haielezi kama betri inakataa kupokea au haipelekewi. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuonyesha kazi ya kauli ya kutendwa nje ya vitabu vya sarufi anaweza kuutumia huu.

Kupoza na kupooza

Kiyoyozi *hupoza* hewa, yaani huifanya ipoe. *Kupooza* kwa irabu ndefu ni kupotewa na nguvu za mwili au kiungo kwa maradhi. Wako wanaoandika “mfumo wa kupooza injini”, na msomaji makini hubaki akijiuliza injini imekosa nini. Andika *kupoza*, kwa *o* moja.

Kuhusu jina la kifaa, *kiyoyozi* ni neno la maandishi rasmi, na kwa gari linafaa kabisa. Katika gereji utasikia zaidi herufi mbili za Kiingereza, AC. Katika kufasiri mazungumzo ya fundi, herufi hizo zinaweza kubaki. Katika mwongozo, tumia *kiyoyozi*.

Waya au nyaya?

*Waya* ni neno la mkopo, lakini mwanzo wake wa *wa-* umelivuta kwenye kundi la *wavu* na *wayo*. Kama tusemavyo *wavu/nyavu* na *wayo/nyayo*, ndivyo tulivyopata *waya/nyaya*: “waya umekatika”, “nyaya zimekatika”. Huu ni ushahidi mzuri kwamba lugha haipokei neno tu, bali hulipa nafasi katika sarufi yake. *Fyuzi*, *betri* na *alteneta* hazikupata mvuto huo, zikabaki katika ngeli ya *i-/zi-*. *Gari* lina upatanisho wa *li-/ya-*. Katika maandishi rasmi andika “gari limeharibika”, hata kama mazungumzoni utasikia “gari imeharibika”.

Kwa wafasiri na walimu

Mkifasiri matini ya ufundi, ulizeni maswali mawili mbele ya kila kitenzi: je, kinataja sababu au matokeo tu? Je, mnyambuliko wake unamwonyesha mtenda sahihi? Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi jozi kama *kukata/kukatika*, *kuisha/kuishiwa* na *kuchaji/kuchajiwa*, kisha wawatake waeleze fundi angefanya nini tofauti katika kila hali.

Niliporudi Tunduma niliirudia sentensi ya kijana wa Chitete neno kwa neno. Mpira ulibadilishwa, hewa na unyevu vikafyonzwa kwenye mabomba, ndipo gesi ikajazwa. Hadi ninapoandika haya, gesi haijavuja tena, wala haijaisha.