Bakteria wa barafuni: jina lao hupatikanaje?

Wauza samaki wetu wanalijua hili: barafu haiui bakteria, huwachelewesha tu. Samaki wa maji yetu ya joto kwa kawaida hudumu barafuni kuliko wa bahari za baridi, kwa sababu bakteria aliotoka nao baharini wamezoea joto. Kule kwenye baridi wako ambao baridi ndiyo kwao.

Mmoja alipatikana ndani ya barafu ya bahari huko Point Barrow, Alaska. Maji ya bahari yakiganda, chumvi husukumwa kando, yakabaki matundu madogo ya maji makali yasiyoganda. Humo viumbe huishi. Maabarani, bakteria huyu alizaana hata kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Polepole, lakini: mmoja huchukua saa 240, yaani siku 10, kuwa wawili. E. coli wa utumboni, akipata joto na chakula, humtosha dakika 20 hivi.

Sasa, utajuaje kuwa huyu ni mpya? Changu na tewa utawatofautisha hata gizani kwa kupapasa. Bakteria wengi, hata kwa hadubini, ni vijiti tu. Basi hutengwa mmoja, akalelewa mpaka akazaa kundi lake. Hupimwa anakula nini, chumvi kiasi gani anastahimili, joto gani humshinda. Kisha husomwa jeni iitwayo 16S, ambayo bakteria wote wanayo na hubadilika polepole mno. Ikifanana na ya jamaa yake wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7 hivi, yaelekea ni spishi nyingine. Ikizidi hapo, bado haitoshi kuwaita kitu kimoja; hulinganishwa DNA yote.

Mwaka 2006 watafiti, akiwemo James Staley wa Chuo Kikuu cha Washington, walimtangaza kwa jina Psychromonas ingrahamii. Neno la kwanza ni la jenasi yake, na ndani yake mna baridi kwa Kigiriki. La pili ni heshima kwa John Ingraham, Mmarekani aliyechunguza bakteria wanavyokua kwenye baridi.

Liko sharti moja ninalolipenda. Siku hizi anayetoa jina hana budi kuweka bakteria wenyewe, wakiwa hai, kwenye hazina mbili za nchi mbili tofauti, ili mwenye shaka aagize apime mwenyewe. Bila hivyo jina halitambuliwi, hata uwe profesa wa namna gani.