Mtoto Apendaye Kuandika: Tumchagulie Nini Baada ya Masomo?



Katika mikutano yetu ya matawi, mashambani na viwandani, yakiisha masuala ya mishahara na nyumba, mzazi mmoja husimama na kuuliza: "Mwanangu kila akiokota karatasi anaandika. Shuleni wanataka achague klabu. Nimwambie ipi?" Wengine hucheka na kusema kuandika hakujazi sufuria.

Sisi tunasema swali hili si dogo. Miaka mingi mfanyakazi ametia dole gumba chini ya karatasi iliyoandikwa na mwingine. Mtoto apendaye kalamu ni mali ya nyumba yake, na ni mali yetu sote.

Kwanza, tusidhani mwandishi hukuzwa kwa kufungiwa ndani na vitabu. Hapa Uganda tunaye mfano wa Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931. Mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji. Yeye mwenyewe alicheza mpira, hata mwaka 1956 akasafiri Uingereza na timu ya Uganda. Mwaka 1966 kikatoka kitabu chake Song of Lawino, ambacho kinasomwa hadi leo. Mpira haukumharibia kalamu, na nyimbo za kwao zilimpa sauti. Basi mtoto akitaka mpira au ngoma pamoja na kuandika, tusimzuie.

Pili, klabu ya gazeti. Ngugi wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi Makerere alihariri Penpoint, jarida la wanafunzi. Shule isiyo na mashine ya kuchapa yaweza kuwa na gazeti la ukutani: karatasi, gundi na ubao vinatosha. Hapo mtoto hujifunza kumaliza kazi kwa siku iliyowekwa, kuuliza kabla ya kuandika, na kukubali kusahihishwa.

Tatu, michezo ya kuigiza. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa mashamba na kiwanda walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Wengine walikuwa wamejifunza kusoma katika kituo hicho hicho, na wao wenyewe walirekebisha maneno ya mchezo. Baada ya wiki chache serikali iliupiga marufuku, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini hadi Desemba 1978. Hayo yatuonyeshe uzito wa maneno ya mfanyakazi yakisemwa wazi. Na mtoto anayeigiza hutambua upesi sentensi isiyotamkika.

Nne, mdahalo. Humfundisha kupanga hoja na kumsikiliza anayempinga. Katibu wa tawi wa kesho atahitaji yote mawili.

Lakini asichukue zote. Moja au mbili zinatosha. Kabla ya kukubali, tuulize: Je, kuna mchango wa fedha? Mwalimu huwapo kweli? Mtoto atarudi saa ngapi, na kwa njia ipi? Binti asipite peke yake gizani katikati ya miwa au michai. Watoto wa jirani wakijiunga pamoja, watarudi pamoja. Muhula ukiisha, tumuulize mwenyewe kama anapenda kuendelea.

Pasipo klabu, daftari moja litamsaidia. Aandike hadithi za bibi yake, na habari za kambi: maji yalikatika lini, nani amejifungua. Mwenye simu nyumbani amruhusu kuandikia humo, pasipo kununua bando.

Liko jambo moja zito. Wako watoto ambao baada ya masomo huingia shambani kumsaidia mzazi kuongeza kilo za majani. Hatuwalaumu wazazi, ujira mdogo ndio unaowasukuma. Lakini kilo hizo zinaziba pengo la mshahara kwa saa za mtoto. Dawa yake ni kudai kwa pamoja malipo ya kilo yapande, ili mtoto abaki na jioni yake.

Tunayaomba matawi yatenge sehemu ya ubao wa matangazo kwa maandishi ya watoto wetu, na siku ya Mei Mosi mmoja wao asome mbele ya wafanyakazi.

Umoja ni nguvu!