Fundi wa Kompyuta na Mtambo Uandikao

Wazazi wa Swima, pwani ya Ziwa Tanganyika, wana haki ya kuuliza: Je, yafaa kumlipia kijana karo akasomee kompyuta, ikiwa mtambo wenyewe siku hizi waweza kuifanya kazi atakayofundishwa? Na tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliitoa ChatGPT, na watu wengi wakajionea nguvu ya akili mnemba. Fundi aliyeketi siku nzima akiandika amri za kompyuta, leo aeleza haja yake kwa lugha ya kawaida, na mtambo humwandikia kwa dakika chache.

Lakini kazi hii ilikwisha badilika zamani. Mwaka 1946 mafundi wa kompyuta iitwayo ENIAC waliipangia kazi kwa kuunganisha nyaya na kugeuza swichi. Mwaka 1957 ikatoka lugha ya Fortran, na kompyuta ikawa yayatafsiri yenyewe maandishi ya fundi. Kila mara mkono ulipunguziwa kazi, kichwa kikaongezewa. Ndivyo ilivyo leo: mtambo huandika upesi, lakini hukosea bila haya, wala asiyejua hesabu hawezi kuisahihisha hesabu. Tena kazi nyepesi, zilizokuwa ngazi ya wanaoanza, ndizo mtambo unazozichukua kwanza.

Liko na jambo lililofichika. Mtambo huo haukujifunza peke yake. Huko Nairobi vijana walisoma maandishi ya ukatili na uchafu, wakiyatia alama ili mtambo ujue kuyaepuka. Januari 2023 gazeti la TIME lilieleza kuwa walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana mjini humo, wakaazimia kuunda chama. Chombo ni kipya, bali dhuluma ni ile ya kale.

Basi tuwajibu nini wazazi? Kijana na asome, lakini asiridhike kubonyeza vitufe. Ashike hesabu, apime kila neno la mtambo, na azijue haja za watu wake. Mtambo hujifunza kwa wingi wa maandishi, na maandishi ya Kibembe ni machache. Ni nani atakayemtengenezea mvuvi au mkulima wa Fizi programu katika lugha yake, kama si mwana wa Fizi mwenyewe? Upepo husukuma jahazi. Njia huijua nahodha.