Bahasha ya Keya iliyogeuzwa

Wapo watu wakikuona unachakura karatasi kuukuu hudhani akili zimekuruka. Mimi nimekwisha zoea. Hukusanya barua za askari wa Keya wa Vita vya Pili vya Dunia, hasa zilizotiwa katika bahasha zilizotumika mara mbili.

Basi siku moja hapa Majengo, Meru, bibi kizee mmoja alinifungulia mkebe wa biskuti, akanitolea bahasha yenye muhuri wa posta ya jeshi la Afrika Mashariki. Nikachungulia ndani. Kumbe mlikuwa na anwani nyingine, ya ofisi, iliyopigwa taipu! Mtu aliibandua gundi polepole, akaipindua bahasha ndani nje, akaigandisha upya.

Msomaji, siku zile meli zilikuwa zikizamishwa baharini na karatasi ilikuwa adimu. Maofisini walibandika kipande cha karatasi juu ya anwani ya zamani ili bahasha isafiri tena. Hata stempu zilipungua: mwaka 1941 na 1942 zilichukuliwa za Afrika Kusini, zikapigwa chapa ya Kenya, Tanganyika na Uganda na bei mpya, senti 5, 10, 20 na 70. Wakusanyaji wengi huzitafuta hizo tu. Nami nakiri, ujanani nilizikata stempu kwa mkasi, bahasha nikawashia jiko. Nikikumbuka huuma kidole.

Baba yake bibi huyu alikuwa askari wa mizinga. Februari 1944 alipanda meli Khedive Ismail, Mombasa, kwenda Ceylon. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wakiwa vijana wetu wa Afrika Mashariki. Barua hii aliituma kambini kabla ya safari. Anauliza habari za mbuzi, na kama paa limeezekwa.

Nikataja bei. Bibi akacheka.

"Mwanangu, baba hana kaburi. Nikuuzie nini?"

Nikamwambia walau mwandiko wa marehemu umebaki.

"Si wake," akasema. "Baba hakujua kuandika. Aliandikiwa na mwenzake, na huyo naye sijui kama alifika."

Akairudisha mkebeni, akaniongezea chai.