Chura wa Kihansi aliyenyimwa manyunyu

CHURA wa Kihansi, ambaye urefu wake haufiki sentimita tatu, hakujulikana na wanasayansi hadi mwaka 1996. Makao yake pekee duniani yalikuwa takriban hekta mbili kando ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ambako manyunyu yalilowesha majani na miamba usiku na mchana.

Tofauti na vyura wengi, jike wake hatagi mayai majini bali huzaa watoto walio hai.

Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalikuwa yameelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, na manyunyu yakakatika. Nchi yenye uhaba wa umeme ilikuwa na sababu ya kujenga bwawa; chura hakuwa na pa kuhamia. Mabomba ya kunyunyizia maji yalimsaidia kwa muda tu, kwani mwaka 2003 idadi yake iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukashukiwa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini.

Hata hivyo, takriban vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema. Baadhi ya uzao wao ulirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba.